Mwalimu Asiyesoma Atasomesha Nini?



Ukiliona jina la Tunduma katika ukurasa huu huenda ukaligeuza karatasi, ukasema: "Sisi watu wa Pwani na Tunduma wapi na wapi?" Ngoja, usigeuze. Tunduma ndiyo mwisho wa njia ipitayo mlangoni kwako. Barabara ile inayotoka bandarini Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Iringa na Mbeya, huenda kilomita zaidi ya 900 mpaka ikafika Tunduma, kisha ikavuka Nakonde upande wa Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970, nayo huvukia hapo hapo. Watu wetu wako katika njia hiyo tangu zamani: huyu dereva, yule wakala wa forodha, mwengine ana duka la nguo. Na siku hizi yuko mtu mwengine, naye ndiye ninayetaka tumzungumze: mwalimu. Binti wa Tanga au kijana wa Kilwa, aliyesomeshwa ualimu kwa maandazi ya mamaye, anapata ajira yake ya serikali na kukuta amepangiwa mkoa wa Songwe.

Siku ya safari nyumba nzima hutoka kumsindikiza. Tunamuuliza: Umechukua blanketi, maana huko kuna baridi? Nauli inatosha? Utafikia kwa nani? Yote hayo ni masuala mema. Lakini liko suala moja ambalo sisi hatumuulizi, wala wanaomwajiri hawajiulizi inavyopasa: Huyu anayekwenda kufunza, huko aendako nani atamfunza yeye?

Nasema wazi tangu mwanzo ili msomaji asipoteze wakati kunitafuta niliko: shule isiyokuwa na mpango wa kuwasomesha walimu wake si shule, ni ghala la watoto. Na kosa hilo si la mwalimu peke yake, kama tupendavyo kusema barazani. Ni kosa la wanaoipanga na kuiendesha shule, na sisi wazazi tumo ndani yake.

LORI NA MWALIMU

Hebu mtizame mwenye lori. Hatoi gari lake bandarini kulipeleka Tunduma, livuke mpaka lende Lusaka au Lubumbashi, ila kwanza fundi ameingia chini yake. Oili imebadilishwa, breki zimetizamwa, matairi yamegongwa moja moja. Likirudi hutiwa gereji tena. Ukimwambia, "Lori lako lilitengenezwa vizuri kiwandani, liache litembee miaka 30 bila ya kuguswa," atakuona huna akili.

Basi mwalimu tunamtendea hayo hayo ambayo hatulitendei lori. Anatoka chuoni ana miaka 22 au 23, na cheti chake mkononi. Anatakiwa afunze mpaka miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Hiyo ni miaka zaidi ya 35 ya kusimama mbele ya watoto. Katika miaka hiyo mitaala inabadilika, vitabu vinabadilika, watoto wenyewe wanabadilika, na yeye anaachwa na alichotoka nacho chuoni. Kisha siku matokeo yakiwa mabaya, tunauliza: "Mbona walimu wa siku hizi hawajui kitu?"

Je, huo ni uadilifu?

SONGWE ILIVYO

Mkoa wa Songwe si wa zamani. Ulikatwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao yake yakawekwa Vwawa, na wilaya zake ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Mji wa Tunduma una halmashauri yake. Na mji huo unakua kwa namna ya kutisha. Katika Sensa ya mwaka 2012 watu wake hawakufika laki moja. Katika Sensa ya 2022 wamepita laki mbili. Yaani katika miaka 10 tu mji umezidi maradufu, na kila familia iliyohamia kufuata biashara ya mpakani imekuja na watoto wake.

Mwaka ule ule wa 2016, nchi nzima, serikali ilianza kutoa elimu bila ada katika shule zake za msingi na sekondari hadi kidato cha nne. Hilo ni jambo jema, wala hapana mwenye insafu atakayelipinga. Lakini mlango ulipofunguliwa watoto walimiminika, na mwalimu hakuongezeka kwa kadiri ile ile. Kipimo cha serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Muulize mwalimu yeyote wa mji unaokua kama Tunduma lini aliwahi kuwa na darasa la watoto 45. Utamfurahisha kwa mzaha.

Juu ya hayo yamekuja mageuzi. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 imetolewa upya kwa toleo la 2023: elimu ya msingi itakuwa miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima itakuwa miaka 10. Mitaala mipya imeanza kushuka madarasani tangu Januari 2024. Mwalimu anatakiwa sasa amfunze mtoto kutenda na kufikiri, asimkaririshe. Maneno mazuri. Lakini mwalimu ambaye yeye mwenyewe alikaririshwa tangu darasa la kwanza mpaka chuoni, ataijua wapi namna hiyo mpya? Itamshukia usiku kama ndoto?

BINTI ALIYEPOKEWA KWA CHAKI

Tuchukue mfano wa yule binti wetu. Simtaji mtu wala shule. Nataja desturi ambayo walimu wenyewe watakueleza.

Anafika Jumatatu. Mwalimu mkuu anafurahi kwa dhati, maana walimu ni haba. Anamwambia: "Karibu mwanangu, umekuja wakati mzuri, darasa la kwanza halina mwalimu." Anapewa boksi la chaki na daftari la mahudhurio, anaonyeshwa mlango. Ndani wako watoto zaidi ya mia. Wengine wamekaa sakafuni. Wengine nyumbani wanasema Kinyiha au Kinyamwanga, na Kiswahili cha Tanga cha mwalimu wao wanakisikia kama wimbo tu.

Hapana aliyekaa naye kumwambia, "Darasa kubwa hugawanywa hivi." Hapana aliyeingia kumsikiliza akifunza. Yule mwalimu wa zamani aliye hodari wa kufunza kusoma, ambaye kila mzazi anamjua, yuko chumba cha pili, lakini hawajapata hata nusu saa ya kuzungumza kazi. Wanakutana ofisini wakati wa chai, wanazungumza mikopo.

Baada ya miezi 3 binti amejifunza, naam! Amejifunza kupiga kelele. Amejifunza kushika fimbo. Amejifunza kunakili andalio la somo la mwaka jana ili mthibiti ubora akija akute daftari limejaa. Na mwisho amejifunza kuandika barua ya kuomba uhamisho arudi Pwani. Sisi huku tunasema, "Amevunjika moyo kwa ajili ya baridi." Si baridi. Amevunjika kwa kutupwa peke yake.

MANAHODHA WENGI

Nani basi mwenye dhamana? Hapa ndipo kwenye fumbo. Mwalimu wa shule ya serikali Tanzania ana mabwana wengi. Mshahara wake na shule yake viko chini ya TAMISEMI kwa mkono wa halmashauri. Cheo chake na nidhamu yake ni vya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 2016. Mtaala ni wa Taasisi ya Elimu. Wanaokuja kukagua ufundishaji ni wathibiti ubora wa Wizara ya Elimu. Na katani kwake yuko Afisa Elimu Kata. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kila mmoja ana fomu yake ya kujaza, na kila mmoja akiulizwa kujifunza kwa mwalimu atakuonyesha mwenziwe.

Mimi nasema mwenye dhamana ya kila siku ni mmoja: mwalimu mkuu. Yeye ndiye aliye pale Jumatatu asubuhi. Tangu mwaka 2016 serikali imewawekea walimu wakuu wa shule za msingi posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Nauliza: madaraka ya nini?

Mtizame afanyavyo kazi, utamhurumia. Siku hizi majengo ya shule hujengwa kwa utaratibu wa force akaunti, yaani shule yenyewe hununua vifaa na kutafuta mafundi. Mwaka 2021 ulipotangazwa mpango wa kujenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za UVIKO-19, wakuu wa shule waligeuka wahesabu saruji. Anakimbizana na mchanga, na nondo, na risiti. Akitoka hapo anaitwa kikao halmashauri. Akirudi anajaza takwimu. Lini ataingia darasani kumsikiliza yule binti? Tumemchukua mwalimu bora tukamfanya msimamizi wa ujenzi, na darasani pamebaki pengo lake.

Tena wengi walipewa ukuu kwa kuwa walikuwa walimu wazuri au wakongwe, wala hawakufunzwa kuongoza. Na chuo cha kuwafunza kipo, tena kiko kwetu Pwani, Bagamoyo: ADEM, ambacho zamani kiliitwa MANTEP, na tangu 2001 ni wakala wa serikali. Kazi yake ni hiyo hasa, kuwafunza viongozi wa shule. Cheo cha mwalimu mkuu kingetangulia mafunzo hayo kama leseni inavyotangulia usukani. Tunampa mtu basi lenye abiria 1,000, kisha tunamwambia udereva atajifunzia njiani!

MPANGO ULIO KABATINI

Kila shule hutakiwa iwe na mpango wa maendeleo. Nenda kauombe, ni haki yako mzazi kupitia kamati ya shule. Utaona matundu ya vyoo, madawati, uzio, nyumba ya mwalimu, mche wa miti. Yote yanahitajika, sipingi. Lakini tafuta ukurasa uliosema: "Mwaka huu walimu wetu wa hesabu watajifunza jambo hili, kwa njia hii, siku hii, na msimamizi ni fulani." Ukiupata, shule hiyo ishukuru, nayo ni nadra.

Wala mtu asiseme serikali haikuelekeza. Iko MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, iliyowekewa utaratibu wake na Wizara na Taasisi ya Elimu katika mwaka wa 2019 na 2020. Msingi wake ni kwamba mwalimu ajifunze pale pale shuleni, pamoja na wenziwe, katika jumuiya za ujifunzaji. Taasisi imeandaa moduli, na mengine yako mtandaoni. Vishikwambi vilivyohesabia watu katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baadaye. Basi chombo kipo mkononi, somo limo ndani ya chombo. Kinachokosekana ni nini? Saa! Saa moja katika ratiba, iliyoandikwa, isiyoguswa. Jambo ambalo halina saa katika ratiba ya shule halipo, hata likiwa na waraka wenye mhuri.

HOJA TATU NA MAJIBU YAKE

Wako watakaonipinga, na hoja zao nazijua.

Wa kwanza atasema: "Walimu ni wachache na watoto ni wengi. Ukiwatoa walimu kusoma, watoto watakaa na nani?" Hoja hii ina uzito, sitaikimbia. Lakini sikusema waende chuo miezi 6. Nasema saa moja kwa wiki, baada ya vipindi, watoto wamekwisha kwenda kwao. Na kwa hakika shule yenye walimu wachache ndiyo yenye haja zaidi. Mwenye jahazi 10 likitoboka moja hana khofu. Mwenye jahazi moja ndiye asiyelala akilitizama.

Wa pili atasema: "Walimu wenyewe hawataki. Bila ya posho hawakai." Nami namjibu: nani aliyewazoesha? Miaka na miaka tumewaita semina katika hoteli za mjini, soda na bahasha, siku 3 za kusikiliza mtu aliyeko mbele akisoma karatasi. Anachaguliwa wa kwenda kwa kuwa ni zamu yake au ni rafiki, si kwa kuwa somo ni lake. Akirudi hapana anayemuuliza ulileta nini. Tumewafunza kwamba kujifunza ni posho, kisha tunawalaumu kwa kulielewa somo. Mwalimu anayefunzwa jambo litakalompunguzia taabu kesho asubuhi katika darasa lake la watoto 100 hahitaji kubembelezwa.

Wa tatu atasema: "Fedha hakuna." Ruzuku iliyowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kununulia vitabu. Ni kweli ni ndogo. Lakini saa moja ya walimu kukaa pamoja wakasahihisha madaftari ya darasa la tatu na kuulizana, "Mbona wote wamekosea kutoa kwa kuazima?" inagharimu shilingi ngapi? Mwalimu hodari kuketi nyuma ya darasa la mwenziwe inagharimu ngapi? Tusiufanye umasikini kuwa kisingizio cha uvivu wa kupanga.

ILIWAHI KUWAPO

Na tusidhani ni jambo geni. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, walimu hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, walichukuliwa wakafunza sehemu ya siku na kusoma ualimu sehemu nyengine, huko huko vijijini, kwa masomo ya posta na redio, na mratibu wa kata akiwasimamia. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 mpango uitwao MTUU uliwatoa wakufunzi wakazunguka shule kwa shule kuwafunza walimu mahali walipo. Mpango wa walimu wale wa UPE ulikuwa na kasoro zake, na wako waliowacheka. Lakini tuseme haki: kizazi hicho cha umasikini kilijua kwamba mwalimu lazima afunzwe akiwa kazini. Sisi tuliofika na vishikwambi tumelisahau.

Na sisi Pwani ndio tusiokuwa na udhuru kabisa. Sayyid Ahmad bin Sumayt alikuwa keshakuwa kadhi Unguja zama za Sayyid Barghash. Katika miaka ya 1880 akauacha ukadhi akasafiri Istanbul, Misri na Makka kutafuta elimu, kisha akarejea, na akawa kadhi mpaka alipofariki mwaka 1925. Hakuona haya kuwa mwanafunzi baada ya kuwa hakimu. Na ni nani asiyejua kisa cha Nabii Musa, pamoja na utume wake, kumfuata Khidhri ili ajifunze? Ikiwa hao walikaa chini wakasoma, mwenye cheti cha miaka 2 atakuwa nani hata aseme amemaliza? Na msimamizi wake atakuwa nani hata amnyime nafasi?

TUFANYE NINI

Nataka mambo manne tu. La kwanza, kila shule iandike katika ratiba saa moja ya wiki ya walimu kujifunza, na saa hiyo isichukuliwe na kikao cha michango wala mgeni yeyote. La pili, mwalimu mpya apewe mlezi kwa mwaka mzima, mwalimu mmoja mzoefu anayejulikana kwa jina, wala asitupiwe darasa kubwa kuliko yote siku ya kwanza. La tatu, anayepelekwa semina achaguliwe kwa somo lake, na akirudi awafunze wenziwe katika wiki hiyo hiyo. La nne, mwalimu mkuu aondolewe saruji mabegani. Kamati ya shule na halmashauri ziibebe, naye aingie darasani kila wiki, si kuwinda makosa, bali kusikiliza na kusaidia.

Na wewe mzazi, uwe Tunduma, uwe Tanga, uwe Mkunguni, katika kikao cha wazazi usiulize tu, "Mwanangu amekuwa wa ngapi?" Simama uulize: "Walimu wetu mwaka huu wamejifunza nini, lini, na kwa nani?" Uliza mara ya kwanza, watakutizama kwa mshangao. Uliza mara ya pili, watatafuta jibu. Uliza mara ya tatu, wataandika katika mpango.

Kisha mpigie simu yule binti yako aliyeko Songwe. Usimuulize baridi tu. Muulize kama yuko mtu aliyekwisha kukaa nyuma ya darasa lake akamsikiliza. Akikujibu "Hapana, baba, hata mmoja," ujue hapo kwamba watoto zaidi ya mia wamekabidhiwa kwa mtu aliyeachwa peke yake, na siku hayo yatakapoonekana katika matokeo, usije ukawa wa kwanza kuuliza kosa ni la nani.